Akili Bandia na Mafunzo ya Chuo Kikuu: Fundisho la Naliendele

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 ilivuna tani 16,500 hivi. Katika muda wa miaka 13 zao lililowalisha na kuwasomesha watu wa Mtwara na Lindi lilikuwa limeanguka hadi karibu sehemu moja ya tisa ya kiasi chake cha awali. Sababu zilizotajwa wakati ule zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilikuwa za kweli: bei ndogo, uzee wa miti, na kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vipya na kuyaacha mashamba yao mbali. Kila sababu ilikuwa na watetezi wake, na kila moja iliweza kuandikwa vizuri mtu akiwa ameketi ofisini. Lakini ilikuwapo sababu nyingine ambayo haikuweza kuonekana kutoka ofisini. Ilikuwa juu ya mti, nayo ilifanana na unga.

Ugonjwa wa ubwiriunga, unaoletwa na kuvu wa jamii ya Oidium, ulitambuliwa katika mikorosho ya kusini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kuvu huyo hushambulia machipukizi, maua na matunda machanga katika miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Septemba, yaani wakati ule ule ambapo mkorosho wa Mtwara unachanua. Katika miaka ya 1980 uchunguzi uliofanywa katika kituo cha utafiti cha Naliendele, kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini katika njia ya kwenda Newala, ulionyesha kwamba vumbi la salfa likipulizwa mapema maua yanapoanza kutoka, kisha likarudiwa kwa vipindi, laweza kuyaokoa mavuno. Yapo mambo mengine yaliyosaidia baadaye, kama vile mbegu bora na mageuzi ya soko. Lakini bila ya kumjua adui, hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingetosha. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Watafiti wale hawakukomea hapo. Baada ya salfa kutumika miaka kadhaa liliulizwa swali jingine: je, ile salfa inayokosa majani na kuanguka chini huufanya nini udongo? Vipimo vikaonyesha kwamba huweza kuuongezea asidi, hasa udongo wa kichanga kama ule wa kusini.  Swali la namna hiyo humjia aliyesimama chini ya mti, akaiona salfa ikianguka.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa leo, kwa maana vyuo vikuu vya nchi vinakabiliwa na swali ambalo kwa juu juu halihusiani na mikorosho: mwanachuo aruhusiwe kuitumia akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba na wengine akili unde, katika masomo yake? Na akiruhusiwa, aitumie namna gani ili shahada yake iendelee kuwa na maana?

Mashine hujibu namna gani

Haifai kukihukumu chombo kabla ya kuelewa namna kinavyofanya kazi. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, watu wengi wamezungumza na mashine za aina hiyo kana kwamba wanazungumza na mjuzi. Kwa hakika mashine hizo hufanya kazi moja: hukisia ni neno gani linaloelekea kufuata maneno yaliyotangulia.

Mwalimu akisema darasani, “Haba na haba…,” darasa zima litamalizia, “hujaza kibaba.” Hakuna mwanafunzi aliyehitaji kupima nafaka ili atoe jibu hilo. Amelisikia mara nyingi, basi ulimi unalijua. Mashine ya lugha hufanya hivyo hivyo kwa ukubwa usio na kifani. Imepitishwa katika maandishi mengi mno, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na kwa hisabati imepata uzito wa kila neno mbele ya kila neno jingine. Pale ambapo jambo limeandikwa mara nyingi na kwa usahihi, jibu lake huwa zuri ajabu. Mwanafunzi akiiomba imweleze usanisinuru au sheria za Newton, mara nyingi atapata maelezo safi kuliko yale ya kitabu chake cha kiada.

Hatari imo katika mambo yaliyoandikwa mara chache. Mashine haina desturi ya kunyamaza. Ikiambiwa, “Mkorosho wa Naliendele hupulizwa salfa mwezi wa…,” itaijaza nafasi hiyo, kwa sauti ile ile ya uhakika ambayo hutumia kumalizia methali. Nchini India, ambako mengi yameandikwa juu ya mkorosho, mti huo huchanua zaidi katika miezi ya Novemba hadi Februari, na adui wake mkubwa ni mdudu wa jamii ya Helopeltis. Ikiwa mashine itaazima kalenda ya huko, sentensi itakayoandikwa itakuwa na sarufi timamu na istilahi za kitaalamu. Lakini mkulima atakayeifuata atanunua salfa wakati maua yake yamekwisha kuungua. Ulimwengu ulikwisha kuonywa juu ya tabia hii. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na mashine. Mawakili wale walikuwa wasomi. Walichokosa ni kwenda kuzitafuta kesi zenyewe.

Jani na mzizi

Ipo aina nyingine ya akili bandia, ile inayotazama picha, nayo inaihusu zaidi pwani ya kusini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani pamoja na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki walieleza jinsi walivyoifundisha mashine kutambua maradhi ya muhogo kwa kutumia picha zaidi ya 2,700 zilizopigwa katika mashamba ya Tanzania. Ilifundishwa maradhi 3, yakiwamo batobato na michirizi ya kahawia, pamoja na uharibifu wa aina 2 za utitiri. Katika majaribio, mashine ilipatia takriban mara 93 katika kila 100. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere na kituo cha taifa cha utafiti wa mazao walikusanya picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, zikatolewa mwaka 2020 ili wanasayansi wa dunia nzima wazitumie. Kazi hizi ni za kujivunia. Zinaonyesha kwamba Afrika ya Mashariki imekwisha kuwa mtengenezaji wa akili bandia, na kwamba tegemeo la mashine hizo ni mtaalamu aliyelitazama kila jani na kusema, “Hili ni batobato, hili sio.”

Hata hivyo, ripoti iliyofuata mwaka 2019 ilikiri jambo muhimu kwa uaminifu. Programu ilipotolewa katika picha za majaribio na kupelekwa shambani ndani ya simu, uwezo wake ulipungua sana, na majani yenye dalili hafifu yaliitatiza kuliko yale yaliyougua waziwazi. Kila mwalimu wa sayansi anajua kwa nini. Shambani kuna kivuli, vumbi, upepo na mkono unaotetemeka. Na mkulima huhitaji msaada hasa pale ambapo dalili bado ni hafifu.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una fundisho zaidi. H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, Tanga, aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Ubaya wake umo ardhini: mizizi huoza kwa ndani, ikawa na mabaka makavu ya rangi ya kahawia yasiyolika. Jani laweza kuwa na dalili ndogo na mzizi ukawa umeharibika. Kinyume chake pia hutokea. Wakulima wa Mtwara wanao muhogo uitwao Nachinyaya ambao watafiti waliukuta ukistahimili ugonjwa huo: majani yaweza kuonyesha dalili, lakini mizizi yake hairithi upesi uozo unaoiharibu mihogo mingine. Mashine inayotazama jani itautangaza muhogo huo kuwa mgonjwa, nayo itakuwa imesema kweli kwa kadiri ya jani. Mwanachuo asiyeng'oa shina na kuukata mzizi atamshauri mkulima auteketeze muhogo ambao ndio ungemwokoa.

Makosa ya pande mbili

Katika vyuo vingi pamekuwapo misimamo miwili. Wako wanaotaka akili bandia ipigwe marufuku kabisa, na wako wanaosema chombo kimekwisha kuja, basi kila mtu akitumie apendavyo. Vyuo vingine havikusema lolote. Uchunguzi wa UNESCO wa mwaka 2023 uliohusu shule na vyuo vikuu zaidi ya 450 duniani ulikuta kwamba pungufu ya asilimia 10 vilikuwa na mwongozo rasmi.

Marufuku ina udhaifu mkubwa: haitekelezeki kwa haki. Zipo programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilizoandikwa na binadamu zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Sababu yake ni nyepesi. Anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na sentensi za kawaida, na hizo ndizo programu huzishuku. Mwezi Julai mwaka huo kampuni iliyotengeneza ChatGPT iliiondoa programu yake yenyewe ya utambuzi kwa kuwa haikuwa na usahihi wa kutosha. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza sekondari, ndiye hasa atakayeonewa na mizani ya aina hiyo. Mhadhiri hana haki ya kumfukuza mwanafunzi kwa ushahidi kama huo.

Uhuru usio na mpaka nao una historia yake, nayo ni ya karibu. Kabla ya mashine hizi, vijana wengi wenye shahada jijini Nairobi walijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Biashara hiyo ilikua hata Uingereza ikatunga sheria mwaka 2022 ya kuiharamisha kwa upande wa England. Mkenya aliyeandika alipata ujuzi na ujira mdogo. Aliyenunua alipata cheti bila ya ujuzi. Lililobadilika sasa ni kwamba mwandishi wa kukodi yumo ndani ya simu, hachoki, na bei yake imeshuka mno. Ikiwa wakati ule ilionekana kuwa udanganyifu kununua insha kwa mtu, haiwezi kuwa halali kuichukua kwa mashine na kuiita yako.

Lakini haki inadai faida zitajwe pia. Mwanafunzi aliyekulia Naliendele huenda akaijua mihogo kwa Kimakonde na kwa Kiswahili kuliko mwalimu wake, na bado akashindwa kuyaeleza ayajuayo kwa Kiingereza cha tasnifu. Mashine yaweza kumsafishia lugha. Chuo chenye maktaba ndogo chaweza kumpa mwanafunzi njia ya kuulizia dhana ngumu usiku, wakati hakuna wa kumwuliza. Kumnyima msaada huo ni kuongeza pengo kati yake na mwenzake aliyesoma katika shule za gharama kubwa.

Utaratibu unaofaa

Matumizi ya wajibu hutegemea mpangilio wa kazi. Jambo la kwanza ni jicho. Kazi yoyote ya sayansi ianze na kitu ambacho mwanafunzi amekiona, amekipima au amekihesabu mwenyewe, na kuandikwa kwa mkono katika daftari la uchunguzi pamoja na tarehe na mahali, kabla mashine haijaulizwa neno. Jambo la pili ni kutaja. Mwanafunzi aandike mwishoni mwa kazi yake alitumia programu gani, aliiuliza nini, na alichukua nini. Kufanya hivyo kusiwe kosa. Kosa liwe kuficha. Jambo la tatu ni kuthibitisha. Kila tarakimu, kila jina la kitabu na kila dai lililotoka kwa mashine litafutiwe asili yake, na lisilo na asili lifutwe. Jambo la nne ni kujibu. Mwanafunzi aketi mbele ya mwalimu, bila ya simu, aulizwe maswali mawili au matatu juu ya kile alichokiandika. Ripoti nzuri ambayo mwenyewe hawezi kuieleza isipewe alama, hata kama haijulikani ni nani aliyeiandika. Kwa njia hiyo mhadhiri hana haja ya kuwa mpelelezi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yawezekana katika nchi tajiri tu, kwa kuwa madarasa ya vyuo vya hapa yana watu wengi. Hoja hiyo ina uzito, lakini yafaa kupigiwa hesabu. Darasa la wanafunzi 200, kila mmoja akipewa dakika 5, linahitaji dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Muhula wa wiki 15 ukigawanywa, ni saa moja na dakika 7 kwa wiki. Darasa la 600 litahitaji saa 3 na dakika 20 kwa wiki, nazo zaweza kugawanywa kati ya mhadhiri na wahadhiri wasaidizi. Gharama ipo, na vyuo havina budi kuikubali katika ratiba na katika malipo; kuliacha jambo hili litegemee hisani ya mhadhiri mmoja mmoja ni sawa na kuamua kwamba halitafanyika.

Wajibu huo unamfunga mhadhiri pia. Anayewakataza wanafunzi kutumia mashine huku yeye akiitumia kutunga mihadhara na kusahihisha mitihani amepoteza mamlaka ya kufundisha uaminifu. Kama ameitumia, naye ataje. Na alama ya mwanafunzi itolewe na mtu anayeweza kuulizwa sababu yake. Vilevile, kuipelekea programu ya kampuni ya ng'ambo kazi za wanafunzi zikiwa na majina yao, au orodha ya wakulima na simu zao, ni kutoa taarifa ambazo si mali ya mhadhiri. Nchi inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chuo kikuu hakipaswi kuwa mahali pa kwanza pa kuisahau.

Kazi ianze sekondari

Mwanafunzi haingii chuo kikuu akiwa karatasi tupu. Aliyezoea kunakili matokeo ya jaribio la kemia bila ya kugusa chupa atakuwa mteja mwepesi wa mashine. Kwa hiyo mwalimu wa biolojia anaweza kuanza sasa, kwa jembe, kisu na simu moja.

Darasa lichague mashina 5 ya muhogo uliokomaa. Kwanza kila kikundi kitazame majani na kuandika dalili zinazoonekana pamoja na hukumu yake: mzima au mgonjwa. Pili, simu ya mwalimu iulizwe kwa picha, na jibu lake liandikwe katika safu ya pembeni. Tatu, mashina yang'olewe na kila mzizi ukatwe kwa mapana vipande kadhaa, kisha ihesabiwe mizizi yenye mabaka ya kahawia. Mwishowe safu 3 zilinganishwe: jicho lilipatia mara ngapi, mashine ilipatia mara ngapi, na wapi vyote viwili vilikosea. Mashina 5 hayatoshi kuthibitisha kanuni, na wanafunzi waambiwe hivyo. Huo nao ni sehemu ya somo. Watakachojifunza ni kwamba ukweli ulikuwa ardhini, na kwamba palihitajika mtu wa kuinama.

Miaka michache ijayo baadhi ya wanafunzi hao watakuwa mabwana shamba na mabibi shamba katika Tandahimba, Newala au Nanyamba. Mwezi Juni mkulima atakuja na tawi la mkorosho lenye maua yaliyofifia, na atauliza kama anunue salfa au la. Fedha aliyonayo itatosha kwa uamuzi mmoja. Hatauliza ushauri ule umeandikwa na nani, wala hataweza kuishitaki mashine iwapo msimu utapotea. Atamjua aliyekuwa mbele yake mwenye shahada. Chuo kikuu kilichomtunukia shahada hiyo kina deni la kuhakikisha kwamba, kabla ya kuitoa simu mfukoni, atalitwaa lile tawi, ataligeuza kwenye mwanga, na atakuwa anajua anachokitafuta.